Nyuzi Bapa za Besi Zisipolingana Sauti: Jinsi ya Kutafuta Chanzo na Kukirekebisha

Mpiga gitaa la besi anayeondoa nyuzi za kawaida na kufunga nyuzi bapa, yaani zilizozungushiwa utepe bapa badala ya waya wa duara, kwa mara ya kwanza hutarajia sauti nene, laini na iliyotulia, na kwa kawaida huipata. Lakini baada ya siku mbili tatu huanza kugundua kwamba nyuzi zake nne, E, A, D na G kuanzia nene hadi nyembamba, hazilii kama watoto wa mama mmoja. G ni nyembamba na kali, D inazifunika nyingine, A inavuma mpaka vioo vya dirisha vinatetemeka, na E inatoa mshindo butu kama gunia la mchele lililoangushwa sakafuni. Kwa kuwa seti ya nyuzi bapa ni ghali kuliko seti ya kawaida, na kwa wengi wetu Afrika Mashariki hupatikana kwa kuagizwa kutoka nje, malalamiko hayo huja na uchungu wa fedha, na mchawi wa kwanza kutajwa huwa ni kiwanda.

Katika besi nilizowahi kuzishughulikia, uzi uliotoka kiwandani ukiwa mbovu nimeukuta mara chache sana. Mara nyingi zaidi kosa lilikuwa katika namna uzi ulivyofungwa, katika pikapu iliyopangwa kwa ajili ya nyuzi za awali, au katika chumba chenyewe, na mara nyingine halikuwa kosa hata kidogo bali ni tabia ya seti iliyochaguliwa. Kwa hiyo kazi kubwa ya fundi hapa ni kujua tatizo limekaa wapi kabla hajagusa skrubu yoyote. Maelezo yanayofuata yanahusu besi ya nyuzi nne ambayo sehemu ya uzi inayotetemeka ina urefu wa inchi 34, yaani milimita 864, hasa ya umbo la Precision au Jazz, besi mbili za kampuni ya Fender, na nakala zake nyingi, kwa sababu ndiyo iliyo mikononi mwa watu wengi. Mwenye besi ya umbo jingine atabadilisha vipimo, lakini mpangilio wa ukaguzi utabaki uleule.

Kuhusu majina, kile kipande chenye mifereji minne kilichopo kati ya kichwa na shingo nitakiita kizingiti. Wapo wanaokiita nati, jina linalochanganya, kwani fundi akisikia nati anatafuta spana. Vile vipande vidogo vya chuma juu ya daraja, yaani pale nyuzi zinaposhikwa mwilini mwa besi, ambavyo kila uzi hukalia kimoja, nitaviita vikalio. Pikapu, yaani kifaa cha sumaku kilicho chini ya nyuzi kinachogeuza mtetemo wake kuwa umeme, itabaki pikapu, na msomaji anajua kwamba sizungumzii gari.

Uzi bapa una waya wa chuma katikati, ambao ni kiini chake, na juu ya kiini hicho huzungushiwa waya mmoja au zaidi, kisha tabaka la mwisho likawa utepe bapa wa chuma cha pua au nikeli badala ya waya wa duara. Ndiyo maana uzi huo ni laini kwa kidole na haukwaruzi freti, vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo. Besi za kwanza za Fender za mwaka 1951 zilitumia nyuzi za namna hii, na nyuzi za waya wa duara zilienea baadaye, hasa baada ya kampuni ya Rotosound kuzitengeneza kwa ushirikiano na John Entwistle, mpiga besi wa The Who, mwaka 1966. Jambo la kukumbuka ni kwamba utepe ule hupunguza sauti za juu zinazoandamana na kila noti. Kwenye nyuzi za duara, sauti hizo za juu husaidia kila noti kusikika hata pale ambapo sauti yake ya chini imedhoofika. Kwenye nyuzi bapa msaada huo ni mdogo, na sikio hubaki na ile sauti ya chini peke yake. Dosari ndogo ya pikapu au ya chumba, ambayo jana ilijificha, leo inaonekana wazi. Uzi bapa haukuileta dosari hiyo. Umeivua nguo tu.

Anza kwa kuchomoa waya

Chomoa waya wa amplifaya, kaa mahali palipo kimya, kisha weka sikio au taya lako juu ya pembe ya juu ya mwili wa besi, pale ambapo mkanda hufungwa, ili mtetemo wa ubao ufike moja kwa moja. Piga freti ya tano ya kila uzi kwa nguvu ileile na kwa kidole kilekile, mara kadhaa, ukienda kutoka E hadi G na kurudi. Baada ya hapo piga noti moja katika sehemu tatu: D iliyopo freti ya kumi ya uzi wa E, D hiyohiyo kwenye freti ya tano ya uzi wa A, na D ya uzi wazi, yaani usiobonyezwa popote. Noti ni moja, kwa hiyo unachokisikia kikibadilika ni tabia ya uzi wenyewe.

Wakati wa kusikiliza, jitahidi kutenganisha mambo matatu ambayo wengi huyachanganya kwa neno moja la "hazilingani". Uzi mmoja unaweza kuwa na sauti kubwa au ndogo kuliko mwenzake. Unaweza kuwa mkali au butu zaidi. Na unaweza kukatika mapema wakati wenzake bado wanalia. Kila moja kati ya hayo lina sababu zake, na mtu anayetaka kutibu ukali kwa kupandisha pikapu atajichosha bure.

Kama bila umeme nyuzi zinalingana vizuri, lakini ukichomeka waya tofauti inarudi, usihangaike tena na nyuzi: nenda kwenye pikapu, amplifaya na chumba. Kama tofauti ipo hata bila umeme, tatizo liko kwenye uzi, kwenye ncha zake mbili, au kwenye shingo, na hakuna kitufe cha amplifaya kitakacholiondoa. Kipimo hiki hakizidi dakika tatu, nami hushangaa jinsi kinavyorukwa hata na watu waliopiga besi miaka mingi.

Ukaguzi wa uzi na ncha zake

Tazama kwanza hariri, yaani ule uzi wa rangi uliozungushiwa kwenye ncha za nyuzi bapa nyingi. Hariri inapaswa kuishia kabla ya kufika kwenye kikalio upande wa daraja, na kuanzia baada ya kizingiti upande wa kichwa. Ikikalia kikalio au ikiingia kwenye mfereji wa kizingiti, mtetemo hufyonzwa na uzi hulia kama umefunikwa blanketi. Hutokea pale mtu aliponunua seti ya urefu usiofaa, au alipopitisha nyuzi kutokea nyuma ya mwili kwenye besi inayoruhusu hivyo, ilhali seti yake ilikusudiwa kufungwa darajani tu. Zipo seti bapa ambazo watengenezaji wake hawashauri zipitishwe mwilini hata kidogo, kwa sababu ile kona kali huumiza kiini. Soma karatasi ya pakiti kabla ya kuzipitisha huko.

Kisha kagua kama uzi umejisokota. Uzi bapa ni mgumu, na mtu anapouzungusha kwenye kigingi cha kukazia kilichopo kichwani huku akiushika kwa vidole, msokoto huingia ndani yake na hauna pa kutokea. Uzi uliosokotwa hutoa sauti inayoyumba, kana kwamba noti mbili zinagombana, na kuupata kwenye noti kamili huwa taabu. Njia ya zamani ya kuutambua ni kuupiga mbele ya ukuta mweupe na kutazama kivuli cha mtetemo: uzi mzima huonyesha tumbo moja safi, lakini uliosokotwa huonyesha mistari miwili au mitatu inayokimbizana. Tiba yake ni kuulegeza kabisa, kuutoa kwenye kigingi, kuuacha ujizungushe wenyewe kwa uhuru, halafu kuufunga upya bila kuupindisha.

Hapo kuna hatari moja ambayo haisameheki. Baadhi ya nyuzi bapa zina kiini cha duara, na kwa nyuzi hizo kinachoshikilia matabaka ya juu yasiteleze ni mkazo pamoja na mikunjo ya kwenye ncha. Ukiukata uzi wa namna hiyo kwa plaizi kabla ya kuukunja, matabaka yanalegea juu ya kiini, na tangu siku hiyo uzi ni mfu hata kama kwa macho ni mpya. Kunja uzi kwa pembe kali pale unapotaka kukata, hakikisha kwamba umekunja sehemu ile nyembamba yenye hariri na si sehemu nene, kisha kata mbele ya mkunjo, ukiuacha mkunjo ubaki. Uzi mmoja uliokufa katika seti mpya, wakati wenzake watatu wapo hai, mara nyingi ulikufa hivi, mezani kwa fundi.

Baada ya hapo yaangalie maeneo mawili ambapo uzi unagusa besi. Uzi bapa wa E au A, kwa ugumu wake, haupindi wenyewe juu ya kikalio. Hupita kama upinde, na sehemu ya kwanza ya upinde huo haitetemeki ipasavyo. Besi ikiwa imekazwa kwenye noti zake, bonyeza kila uzi kwa kidole gumba mbele ya kikalio, upande wa pikapu, kwa nguvu ya wastani, ili upate kona ndogo iliyo wazi. Fanya hivyohivyo mbele ya kizingiti. Kaza tena, kisha sikiliza. Ni jambo dogo mno, na ndilo ambalo kwa uzoefu wangu limeponya "E butu" nyingi kuliko yote yaliyomo katika makala hii.

Kwenye kizingiti chenyewe, mifereji iliyochongwa kwa nyuzi nyembamba haiwezi kuupokea uzi mnene zaidi. Uzi hukaa juu ya kingo za mfereji badala ya kukaa chini, na noti ya uzi wazi hulia tofauti na noti ya freti ya kwanza. Kipimo ni hicho hasa: kama uzi wazi ni mbovu lakini ukibonyeza freti yoyote sauti inatengemaa, kosa lipo kizingitini na si kwingine. Mfereji hupanuliwa kwa tupa maalumu nyembamba, polepole, bila kuongeza kina. Asiye na tupa hiyo na ampelekee fundi, kwa sababu mfereji uliochimbwa mno haurudi.

Uzi wa A unahitaji uangalizi wa pekee katika besi nyingi za umbo la Fender, kwa kuwa kile kipande kinachokandamiza nyuzi kwenye kichwa mara nyingi huzishika D na G pekee, na A hubaki ikielekea kigingini karibu bila mteremko. Mteremko ukiwa mdogo, uzi haukandamizwi vya kutosha kwenye kizingiti, na A wazi hulia kwa mkwaruzo au bila nguvu. Dawa yake ni kuuzungusha uzi huo kigingini mara tatu hivi, kila mzunguko ukikaa chini ya uliotangulia, ili uondoke kwenye kigingi ukiwa karibu na ubao wa kichwa.

Hesabu ndogo ya mkazo

Tuseme ncha zote zipo sawa na bado D inazishinda nyingine hata bila umeme. Sasa chukua kalamu, kwa maana jibu linaweza kuwa limeandikwa kwenye pakiti. Nyuzi wazi za besi hutetemeka mara 41.2 kwa sekunde kwa E, 55 kwa A, 73.4 kwa D na 98 kwa G, yaani kila uzi hutetemeka takriban mara 1.335 ya jirani yake mnene. Kwa nyuzi za urefu mmoja na muundo mmoja, ili zote zivutwe kwa nguvu sawa, unene nao unapaswa kupanda kwa kiwango hichohicho kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Unene huandikwa kwa sehemu za elfu za inchi. Ukianza na G ya 45, basi D ingekuwa 60, A ingekuwa 80 na E ingekuwa 107.

Linganisha na seti iliyozoeleka ya 45, 65, 85 na 105. Mkazo hufuata mraba wa unene, kwa hiyo D ya 65 inavutwa kwa takriban asilimia 17 zaidi ya G, A ya 85 kwa asilimia 13 zaidi, na E kwa asilimia 4 pungufu. Seti ya D'Addario Chromes ya 45, 65, 80 na 100 ina D ileile iliyokazwa, A iliyo sawa na G, na E iliyolegea kwa asilimia 13 hivi. Seti nene ya La Bella ya 52, 73, 95 na 110, ambayo hunasibishwa na James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown, ina E iliyo chini ya G kwa karibu moja ya tano. Na Thomastik-Infeld JF344 ya Vienna, yenye 43, 56, 70 na 100, ina A ambayo kwa hesabu hii imelegea kwa asilimia 16 ikilinganishwa na G, jambo ambalo wapigaji wengi hulihisi kidoleni hata kabla ya kulisikia.

Hesabu hii ni ya makadirio, kwani matabaka ya ndani hayafanani kati ya uzi na uzi, na baadhi ya watengenezaji huchapisha mkazo halisi ambao ni bora kuufuata. Lakini inatosha kueleza kwa nini D ya seti nyingi hulia kwa kifua na E huonekana imechoka. Hilo si kosa la kufungwa vibaya, na hakuna kona wala mfereji utakaolibadilisha. Mwenye kukerwa sana anaweza kutafuta D ya 60 ya aina ileile, kwani baadhi ya watengenezaji huuza uzi mmoja mmoja, au akachagua seti nyingine safari ijayo. Mwenye subira atashusha pikapu kidogo upande wa D na kuendelea na maisha.

Shingo kabla ya pikapu

Kubadilisha mkazo wa seti hubadilisha mpindo wa shingo, na shingo ikipinda, umbali wa nyuzi kutoka kwenye pikapu hubadilika pia. Ndiyo sababu anayeanza na pikapu hulazimika kurudia kazi. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha tazama nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Nafasi ya takriban milimita 0.3 ni mahali pazuri pa kuanzia. Asiye na kipimo cha fundi na atumie kipande cha uzi wa gitaa la kawaida wenye unene wa 12, ambao ni hiyohiyo milimita 0.3, akiupitisha hapo kama anayepima tundu la sindano. Nafasi ikiwa kubwa, kaza ile fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo kwa robo ya mzunguko tu, subiri, kaza nyuzi tena kwenye noti, na upime upya. Katika miji ya pwani, ambako unyevu hupanda na kushuka kwa majira, kipimo hiki kinafaa kurudiwa mvua za masika zinapoisha.

Panga baada ya hapo kimo cha nyuzi kwenye vikalio, kisha urefu wake kwa kusogeza vikalio mbele au nyuma, ukilinganisha hamoniki ya freti ya 12 (sauti inayotoka uzi ukiguswa tu bila kubonyezwa) na noti ya freti hiyohiyo hadi zilingane. Uzi mmoja ukikataa kulingana kila unapousogeza, huku kivuli chake ukutani kikiyumba hata baada ya kuondolewa msokoto, huo ndio unaoweza kushukiwa kuwa mbovu kweli.

Pikapu

Pikapu hukamata mwendo wa chuma cha uzi juu ya sumaku, si sauti ya hewani, na ukaribu wa uzi na sumaku huamua karibu kila kitu. Bonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho na upime kutoka kwenye sumaku hadi chini ya uzi; milimita 3 upande wa E na 2.5 upande wa G ni mwanzo unaofaa kwa besi nyingi. Kanuni ninayoifuata ni kushusha upande unaozidi badala ya kupandisha ule unaopungua, kwa sababu sumaku iliyosogea mno huuvuta uzi, sauti ikayumba mfano wa uzi uliosokotwa, na mtu akarudi kulaumu nyuzi.

Kwenye Precision ya kuanzia mwaka 1957 pikapu imegawanyika vipande viwili, kimoja cha E na A, kingine cha D na G, na kila kimoja hupanda na kushuka peke yake. Mgawanyiko huo ni zawadi kwa anayetafuta chanzo. Nyuzi mbili zinazopakana zikidhoofika pamoja, E na A au D na G, kinachotakiwa kutazamwa ni kipande chao cha pikapu. Uzi mmoja ukidhoofika peke yake, kipande hicho hakina hatia sana. Wakati mwingine unafungua skrubu na pikapu haipandi, kwa kuwa sponji iliyo chini yake imeoza na kulala. Weka sponji mpya na usikaze skrubu kwa hasira. Kwenye Jazz kila pikapu ni ndefu na huchukua nyuzi zote nne, kwa hiyo unaweza kuinamisha upande wa E au wa G tu. Na kwa kuwa ubao wa vidole umejikunja huku sumaku zikiwa na kimo kimoja, A na D hukaa mbali kidogo kuliko nyuzi za pembeni.

Chumba na amplifaya

Rudisha katikati vitufe vyote vya ekwalaiza, yaani vya kuongeza na kupunguza sauti za chini na za juu, zima kompresa, kile kinachosawazisha ukubwa wa sauti, halafu usikilize. Kama A wazi na noti za jirani yake zinavuma kupita kiasi, pima chumba kabla ya kupima besi. Vyumba vingi tunavyofanyia mazoezi majumbani ni vya futi kumi kwa kumi, yaani kama mita 3.05 kutoka ukuta hadi ukuta. Sauti inayojirudia kati ya kuta mbili zenye umbali huo hupata nguvu kwenye mtetemo wa takriban 57 kwa sekunde, na A wazi ni 55. Chumba kizima kinakuwa sanduku la kukuza A. Sogeza amplifaya kutoka kwenye kona, wewe mwenyewe uhame kutoka ukutani, kisha sikiliza kwa hedifoni. Mvumo ukipotea, besi yako haina neno. Kwa upande wa pili, spika ndogo isiyoweza kutoa sauti ya 41 itafanya E ionekane dhaifu hata kama pikapu imepangwa kwa ustadi, na simu ndiyo shahidi mbaya kuliko wote katika kesi hii.

Mkono na sponji

Zimebaki tofauti ndogo ambazo hutibiwa kwa mkono. G inayolia nyembamba huongezeka mwili ukiipiga karibu na shingo, kwa nyama ya kidole badala ya ncha. E iliyopita freti ya saba huwa butu kwenye nyuzi bapa zote nilizozipiga, kwa sababu uzi mnene na mgumu uliofupishwa hukaribia tabia ya fimbo. Noti hizo zipige kwenye A na D, usibishane na maumbile ya chuma. Vilevile noti moja inayokufa kwenye uzi wa G, mahali fulani kati ya freti ya tano na ya saba, ni maradhi ya zamani ya shingo ndefu zilizofungwa mwilini kwa skrubu: shingo hutetemeka pamoja na noti hiyo na kuila nguvu yake. Bana kichwa cha besi kwa klempu ndogo iliyofungwa kitambaa na upige tena. Noti ikifufuka au ikihamia freti nyingine, umemkamata mhusika, naye ni mti.

Wapo wanaoweka sponji chini ya nyuzi karibu na daraja, kama besi za Fender za zamani zilivyokuwa nayo chini ya kifuniko cha daraja, ili zote zikatike kwa wakati mmoja. Nakubaliana nao, kwa sharti kwamba sponji iguse nyuzi zote kwa uzito sawa. Kipande cha godoro kilichokatwa kwa kisu butu huikandamiza E mno na kuigusa G kwa shida, na hapo umejitengenezea upya tatizo ulilotaka kuliondoa. Kata sponji ikiwa na kimo kidogo upande wa E, iingize, piga freti ya tano ya kila uzi, kisha punguza kwa wembe pale sauti inapokatika mapema.

Nyuzi bapa mpya huwa na ukali wa chuma ambao hupungua kadiri zinavyopigwa, na hazipungui kwa kasi moja: uzi unaopigwa sana hutulia mapema. Kwa hiyo, seti ikiwa mpya kabisa, fanya marekebisho ya ncha, shingo na vimo siku ya kwanza, lakini uamuzi wa mwisho kuhusu pikapu na kuhusu kununua uzi mwingine uahirishe kwa wiki kadhaa za kupiga kila siku. Ukilazimika kubadilisha uzi mmoja katika seti iliyokwishazeeka, jiandae kuusikia ukijitokeza kwa muda, na shusha pikapu upande wake kwa nusu ya mzunguko wa skrubu hadi utakapotulia.